Washangiliaji Niliowapakia Kisumu

Tangu nirudi, mtu hanunui uzi wa nyavu dukani kwangu kabla hajanunua habari. Mnakuja mmoja mmoja, mnaegemea kaunta, mnasema, "Mzee Ogola, hebu tuambie, kule Nyandago ilikuwaje?" Nimesimulia mpaka koo limekauka. Sasa nimeandika mara moja, mtasomeana wenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mwandiko wangu mnaujua. Ndio ulio kwenye milango ya malori yangu yote, na hakuna mtu aliyewahi kuusoma akapotea.

Nianze na sababu, maana wengine wenu mlipanda lori bila hata kuuliza tunakwenda kufanya nini.

Chuo cha ualimu cha hapa Kisumu na kile cha Nyandago, kule kilimani ng'ambo ya ghuba, hucheza mpira kila mwaka. Mwaka huu hapa, mwaka ujao kule. Uhuru ulipokuwa bado mpya, siku ya mechi hiyo hukuweza kununua hata kiberiti mjini. Akina mama walifunga vibanda. Makarani walitoroka ofisini kwa dirisha. Mimi wakati ule nilikuwa nabeba omena, dagaa wa ziwani, kwa baiskeli kutoka Usenge, na nilikuwa nafika uwanjani na mzigo wangu wote, watu wananipisha kwa sababu ya harufu, naishia mbele kabisa. Watu wengine huzaliwa mbele. Mimi nilifika mbele kwa omena.

Halafu ikaja redio. Si redio ya tajiri mmoja. Redio ndogo za betri, kila duka, kila kinyozi. Mechi kubwa za Nairobi zikaanza kutangazwa, na watu wakaona hakuna haja ya kusimama juani. Mwaka baada ya mwaka uwanja ukawa mweupe. Mara ya mwisho hapa Kisumu mpira ulitoka nje, ukaingia mtaroni, na hapakuwa na mtu wa kuurudisha. Kipa aliufuata mwenyewe.

Ndipo mkuu wa chuo cha Nyandago akatuma neno: mwaka huu watu wasipokuja, mechi hii tunaizika. Aliyeniletea habari ni Owino, mtoto wa dada yangu, nahodha wa timu yetu, naye yuko mwaka wake wa mwisho chuoni. Alinikuta hotelini nakula, nyinyi wengi mkiwepo. Nikaweka samaki chini, nikanawa, nikasimama.

"Okewa," nikamwambia, maana ndivyo mjomba anavyomwita mpwa wake kwetu, "mwambie huyo mkuu atafute kamba za kuzuia umati."

Mlipiga makofi. Msikatae.

Kisumu hadi Awasi

Wachezaji walitangulia na mwalimu wao kwa meli. Sisi tuliondoka Jumamosi ya Pasaka kwa lori langu kubwa, nililoliosha mara mbili, na bado inzi walitusindikiza mpaka Ahero. Mlikuwa mmejaa mpaka mbao zinalia. Mama Akelo, muuza ndizi, ambaye hakuna kwaya wala harusi inayoanza bila sauti yake, alisimama juu ya kabini akiongoza nyimbo. Kila mtu alikuwa na majani kichwani na kiunoni. Ngoma mbili. Dereva alikuwa Odera, mnayemjua, ambaye hajawahi kutazama mpira hata siku moja na hazungumzi ila lori likiharibika.

Njia ya Nyandago, pale Ahero, inakata kuelekea Katito. Nikamwambia Odera, "Nenda moja kwa moja. Tunapitia Awasi kwanza."

"Awasi ni njia ya Kericho," Odera akasema.

"Najua njia ya Kericho, nilikuwa naiendesha wakati wewe unachunga mbuzi. Kuna mpiga pembe kule. Umati bila pembe ni kama harusi bila bibi harusi."

Hilo ndilo kosa langu, kama mnalitafuta. Nilitaka pembe.

Tulifika Awasi adhuhuri, siku ya soko, tukitegemea kelele. Tukakuta kimya. Nawaambia, sijapata kuona kitu kama kile. Soko zima, watu na punda na kuku, limekaa kimya kama kanisa. Mama mmoja alikuwa ameshika mizani ya mahindi hewani, kopo juu, hamimini. Mzee aliyekuwa ananyolewa amesimama nje na nusu ya kichwa. Wote wanatazama msumari mmoja kwenye ukuta wa duka, na kwenye msumari inaning'inia redio isiyozidi mkate kwa ukubwa. Ndani yake mtu mmoja huko Nairobi anakimbia kwa ulimi: anampa, anarudishiwa, anageuka, anaangalia, anapiga!

Soko lote likaruka. Hata punda aliruka.

Nilisimama mdomo wazi. Nilijiuliza, huyu mtu ana nguvu gani? Mimi nikitaka kukusanya watu hamsini lazima niwe na lori. Yeye anakusanya nchi nzima na hana hata haja ya kuoga.

Tulimkuta mpiga pembe chini ya ile redio, amekaa juu ya gunia. "Jaduong'," nikamwambia kwa heshima ya mzee, "twende, tumekuja kukuchukua."

Hakugeuka. "Pembe ile pale nyuma ya mlango. Chukua. Mimi siendi."

"Pembe bila wewe nitaifanyia nini?"

"Puliza. We si unajisifu?"

Basi mkashuka "kusikiliza kidogo tu." Mmoja wenu, na jina lake nalificha kwa sababu ana watoto, aliagiza chai, akanyoosha miguu, akaniambia, "Mzee Ogola, hapa naona uwanja wote, na nimekaa. Kule kwako nitasimama na nione migongo." Nilipiga honi mpaka Odera akasema betri itakufa. Tulipoondoka lori lilikuwa jepesi. Nilijua kwa namna lilivyokuwa likirukaruka.

Awasi hadi Pap Onditi

Tulirudi Ahero, tukakata Katito. Waliobaki walikuwa bado wa kutosha kuvimbisha uwanja, na Mama Akelo alikuwa na hasira ya kuimba badala ya watu wote walioshuka. Tulipokaribia Pap Onditi nikasema, sasa tuamshe nchi. Nikawaambia washuke, watangulie lori kwa miguu wakikimbia, majani juu, ngoma zilie, fimbo hewani, ili watu wa Nyakach wajue mechi inakuja.

Walikimbia vizuri. Labda vizuri kupita kiasi.

Kutoka kwenye boma moja kando ya barabara wakatoka wanawake mbio, mikono kichwani, wakilia. "Uwi! Wamefika! Watu wa wajomba wamefika!" Nyuma yao wanaume wenye majani vichwani kama yetu, fimbo kama zetu, ng'ombe dume mbele, vumbi limepanda.

Odera akazima injini. "Mzee," akasema, "tumeingia matanga."

Ndivyo. Mzee mkubwa wa hapo alikuwa amelala, na siku hiyo ilikuwa ya kufukuza kifo, watu wanatoka na ng'ombe na nyimbo na kuipiga nchi yote mpaka kifo kiogope. Walikuwa wanawasubiri wajomba wa marehemu kutoka Uyoma, ambao walikuwa wamechelewa. Na sasa linakuja lori limeandikwa USENGE, upande uleule wa Uyoma, limejaa watu wenye majani wanaokimbia na kupiga ngoma. Wewe ungefikiri nini?

Nilishuka nikavua kofia. Kijana mkubwa wa marehemu alinishika mikono miwili, machozi yanamtiririka. "Nera," akaniita, yaani mjomba, "tulisema labda hamtakuja. Watu walitucheka. Walisema mzee wetu atazikwa bila upande wa mama yake."

Niambieni nyinyi wenye elimu: unamjibuje huyo kwamba umekuja kwa ajili ya mpira?

Nilikuwa bado natafuta maneno, Mama Akelo akanipita. Akafunga kanga kiunoni, akaweka mkono kwenye shavu, akafungua sauti. Yawa! Hakumjua marehemu hata kwa jina. Alimlilia kama kaka. Alilia mpaka wake za marehemu wakanyamaza kumsikiliza, kisha wakaanza upya kwa nguvu zaidi. Na wenzenu wale wote, wapiga ngoma na mafundi baiskeli, wakaunga nyuma ya ng'ombe wakapotea kwenye vumbi. Nilibaki nimesimama na pembe mkononi, nywele zimenisimama. Uwanja hata ujae vipi, sijawahi kusikia sauti kama ile.

Wajomba wenyewe wa Uyoma walifika jioni, na mambo yakaelezwa. Niliogopa fimbo. Yule kijana mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee wangu angeipenda hii," akasema. "Lakini mmelia kwetu. Aliyelia hapa haondoki bila kula, na nyama inaiva kesho."

Asubuhi wenzenu wote walikuwa wanangoja nyama, nikamwambia Mama Akelo twende. Alikuwa amekaa katikati ya wake za marehemu, anamsuka mmoja wao.

"Ogola, mtu akishalia matanga, anatoka akiaga vizuri. Mimi nimeshakuwa mtu wa hapa."

"Na mpira?"

"Mpira utachezwa hata nisipokuwepo. Huyu mama hatafiwa na mume tena."

Alinishinda. Mimi kushindwa kwa maneno si kawaida, mnajua.

Kendu Bay

Tulifika Kendu Bay Jumapili mimi, Odera, na makarani wawili wa duka langu, ambao kwa kuwa ninawalipa nilidhani watafika. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Homa Bay, daraja dogo limeondoka na mto, kwa hiyo ilibidi lori lilale pale na sisi tungoje meli. Meli ikachelewa. Walisema asubuhi, wakasema mchana, wakasema labda kesho alfajiri.

Sasa makarani wangu walikuwa wamegundua mama mmoja gatini anayekaanga ngege wabichi, sato wa ziwani, wale ambao mchana bado wanapumua. Mimi ni mtu wa samaki tangu utotoni, nimewahi kula samaki nikiwa nimelala, lakini wale walinifanya nikae chini. Ngozi inavunjika kama biskuti, ndani nyama nyeupe ina jasho lake. Unakula na ugali wa mtama, huzungumzi. Wakati wa kuondoka makarani wakasema kwa adabu kubwa, "Mzee, lori haliwezi kuachwa peke yake." Wakabaki kulilinda. Walilinda lori na yule mama pia.

Odera peke yake akachukua koti lake.

"We si hupendi mpira?" nikamuuliza.

"Lori liko chini ya ulinzi," akasema. "Sina kazi."

Ziwani

Meli ilikuja Jumatatu alfajiri. Nimevuka hilo ziwa mara nyingi nikiwa na mizigo, na mtu mwenye mizigo hatazami maji, anatazama mizigo. Safari hii sikuwa na kitu. Nilikuwa na pembe tu. Nikaona jinsi Mlima Homa unavyotoka majini taratibu, kwanza kichwa, halafu mabega, kama mtu anayeamka. Nikaona wingu la inzi wa ziwani limesimama kama moshi wa nyumba isiyoonekana.

Nilijaribu kupuliza pembe. Abiria mmoja aliuliza kama ng'ombe ameumia.

Nawaambia ukweli, hapo ndipo niliingiwa na aibu. Si ya njaa wala ya vumbi. Kichwani niliona uso wa Owino akitazama meli inatia nanga, akihesabu wanaoshuka.

Nyandago

Kutoka Homa Bay tulipanda kilima kwa miguu, matope yanavuta viatu. Tulifika mchana timu zikijipasha moto. Na jambo la kwanza nililoona lilinikata maini. Uwanja wote, pande zote nne, ulikuwa umezungushiwa kamba. Kamba mpya, imefungwa kwenye vigingi, imekazwa vizuri. Nje ya kamba hapakuwa na mtu.

Mkuu wa chuo, Bwana Otiato, mwembamba, mwalimu wa hesabu, alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli wake. Alisimama kunipokea kwa heshima.

"Mzee Ogola? Karibu. Nilifunga kamba kama ulivyoagiza." Akachungulia nyuma yangu, akamwona Odera. "Watu wako wako njiani?"

"Wako njiani," nikasema. Na kweli mlikuwa njiani. Kila mmoja mahali pake.

"Na wanafunzi wako, Mwalimu?"

Akaonyesha bwalo kwa mwavuli. Madirisha yalikuwa yamejaa migongo. Siku hiyo timu ya taifa ilikuwa inacheza, na chuo kilikuwa na redio mpya, kubwa kama kabati. "Sikuweza kuwalazimisha," akasema. "Mtu akilazimishwa kushangilia, hiyo si shangwe, ni adhabu."

Owino alikuja mpaka kwenye kamba. Akasema tu, "Nera, umefika."

Hapo nikaona nifanye ninalolijua. Mnafahamu kwetu mtu kwenye ngoma husimamisha muziki akajisifu, akajitaja kwa majina yake yote, na watu wakamjibu. Nikashika kigingi kimoja, nikapaza sauti: "Mimi Ogola mwana wa Usenge! Omena iliyokula papa! Baiskeli iliyozaa malori!" Nikangoja. Majisifu yanahitaji mtu wa kuitikia, bila hivyo ni wazimu tu. Upepo ukapita. Halafu kutoka golini, ng'ambo ya pili, kipa wa Nyandago, adui kabisa, akaitikia kwa nguvu: "Ee, mwana wa Usenge! Sema tena!" Wachezaji wote wakacheka, na refa akapuliza filimbi wakiwa bado wanacheka.

Sasa nisikilizeni.

Nimetazama mpira tangu nikiwa na suruali moja. Nilidhani naujua. Kumbe nilikuwa najua kelele zangu. Siku hiyo, kwa sababu hapakuwa na mtu, niliusikia. Kiatu kikigonga ngozi ya mpira kina sauti mbili, moja ya kuugusa na moja ya kuutuma. Mpira ukipita kwenye majani yenye maji unanong'ona. Wanapumua kama mafahali. Na wanazungumza! Muda wote wanazungumza. "Mgongo, mgongo!" "Nipe, baba, nipe na uende." Beki wao alimkanyaga winga wetu, akasema, "Pole, omera," yaani ndugu yangu, huku anamnyang'anya mpira. Owino alikuwa nyuma, anaongea na wenzake polepole, kama mtu anayepitisha ng'ombe usiku asiwaamshe watu: "Taratibu. Kushoto. Basi. Sasa." Na kwa neno lile "sasa" wote kumi walihama pamoja kama ndege. Yule mtangazaji wa Nairobi hawezi kuwapa hilo. Hata mimi miaka yote nilipokuwa mbele kabisa na omena yangu, nilikuwa nalifunika kwa mdomo wangu.

Mara moja bwalo lililipuka, "Goooli!", sekunde ileile mshambuliaji wao alipokosa kabisa na kuangukia kamba. Akainuka na matope usoni, akapunga mkono bwaloni. "Ahsanteni!" Odera alicheka. Nimeishi na Odera miaka mingi, sikujua ana meno mangapi.

Walicheza kama dunia nzima inatazama. Ndilo lililonishangaza mpaka leo. Hakuna aliyepunguza hatua. Hakuna aliyesema, kwa ajili ya nani?

Refa alipomaliza, Bwana Otiato akaingia uwanjani, akawaita pamoja. Hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa chini. "Mmecheza vizuri kuliko nilivyopata kuona. Lakini nilisema, na mtu anayefundisha hesabu hawezi kukataa jibu. Mechi hii ndiyo ya mwisho. Uwanja huu utalimwa, chuo kinahitaji mahindi."

Owino akafuta uso kwa jezi.

"Mwalimu, mwisho unaanza lini?"

"Sijakuelewa, kijana."

"Mechi imekwisha saa ngapi hasa?"

Bwana Otiato akafikiri, kama mwalimu aliyeulizwa swali halali. "Nadhani, mkitoka uwanjani."

"Basi hatutoki," Owino akasema.

Akauweka mpira katikati. Refa alimtazama mkuu, akamtazama Owino, akatia filimbi mfukoni. Wakaanza tena. Bila saa, bila filimbi, mtu akianguka anasema mwenyewe "ni faulo" na anapewa. Bwana Otiato alirudi kwenye kiti chake, akafunga mwavuli, na hakuufungua tena hata manyunyu yalipoanza.

Redio ilikwisha kule ndani. Wanafunzi wakamwagika nje wakibishana habari za Nairobi, wakashtuka kukuta watu bado wanacheza. Walikuja mpaka kwenye kamba, kwanza wachache, kisha wengi, kamba ikaanza kuvutika. Mmoja akamgusa Odera begani.

"Mzee, ngapi ngapi?"

Odera hakugeuza kichwa. "Mlikuwa wapi?" akasema.

Wote walisimama pale wakitazama, na hawakushangilia, kama mtu aliyefika kwa mgonjwa akachelewa.

Meli ikalia bandarini, mara ya kwanza, halafu ya pili. Ya pili haisubiri mtu. Owino akauinua mpira, akaubeba kwapani, akaenda mpaka kwenye mstari. Wale wengine wakamfuata, wetu na wao, wakapangana kando ya ule mstari wa chokaa, viatu vikiwa ndani. Wakasimama kidogo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Kisha wakavuka wote pamoja.

Nilimwona Bwana Otiato anafungua kamba mwenyewe, kigingi kwa kigingi. Nilikwenda kumsaidia. Mwezi huu nasikia wameshalima.

Mabao? Yalifungwa, tena moja Owino alilipiga kutoka mbali mpaka nikasahau jina langu. Lakini mkiniuliza nani alishinda, siwaambii. Nilimuuliza Owino kama niandike. Akasema, "Hapana, Nera. Waliokuja wanajua."